Gari Ndani ya Zizi

Nyamoita alifika kwao Jumatano saa sita mchana, mikono mitupu, leso imefungwa kichwani na kuteremshwa mpaka kwenye shavu la kushoto. Hakwenda moja kwa moja jikoni kwa mamake. Alisimama kwanza mbele ya zizi awatazame ng'ombe sita waliotolewa mahari kwa ajili yake, kama afanyavyo binti yeyote aliyeolewa akirudi kwao. Hakuona hata mkia. Katikati ya zizi, juu ya samadi iliyokauka, kulikuwa na gari jekundu la viti viwili, boneti wazi, limefunikwa nusu kwa majani ya migomba.

Mamake, Kemuma, alikuwa kando ya nyumba akifunga mikungu ya ndizi za kupeleka soko la Daraja Mbili. Alimwona bintiye akilitazama zizi, na jambo la kwanza lililomjia moyoni halikuwa furaha. Ilikuwa aibu.

"Mama, ng'ombe wako wapi?"

"Ingia ndani kwanza."

"Wako malishoni?"

"Ingia ndani, mwanangu. Jua ni kali."

Ndani, Nyamoita alifungua leso. Sikio la kushoto lilikuwa limefura na kuiva, na usaha ulikuwa umekauka shingoni. Kemuma alinyoosha mkono, akaurudisha bila kugusa.

"Upande huu sisikii kitu tangu Jumapili," Nyamoita alisema. "Ukitaka kuongea nami, kaa huku kwingine."

"Ni Cleophas?"

"Nani tena, mama?"

Cleophas, mume wake, alikuwa karani kule Kenyenya, kijana wa tai na viatu vya kung'aa ambaye kila mama kanisani aliwahi kumtamania bintiye. Alipokuja kuposa, Kemuma alitembea wiki nzima kifua mbele. Sasa alikaa upande wa sikio zima.

"Sirudi," Nyamoita alisema. "Nimepigwa mwaka wa kwanza nikanyamaza, wa pili nikanyamaza. Mara hii ameniharibu. Warudishieni ng'ombe wao, niachwe nipumzike."

Hilo tu ndilo aliloomba, nalo lilikuwa haki yake. Huku kwetu ndoa haivunjwi kwa machozi. Ng'ombe wakirudi, mwanamke yuko huru. Wasiporudi, ni mke wa watu hata akitoka damu masikio yote mawili. Lakini Kemuma angemwambiaje kwamba ng'ombe wake watatu wamekuwa lile gari, na watatu waliobaki wamekuwa kipande cha chuma ndani ya injini yake?

*

Ombati, babake Nyamoita, alirudi jioni kutoka gereji ya mjini Kisii alikofanya kazi. Alikuwa fundi mzuri na mtu mpole. Hakuwa mlevi wala mpiga wanawake, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumkasirikia. Alilitazama sikio la bintiye kwa muda mrefu, akatoka nje akaegemea gari.

Kemuma alimfuata.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi niambie utafanya nini. Mimi sina la kumwambia yule mtoto."

"Walter atalinunua Jumapili."

"Kila siku Walter, Walter."

"Mama Nyamoita, sikiliza. Njoo uone." Akamwongoza mpaka ukuta wa nyuma ya nyumba. Ukuta mzima, kutoka chini mpaka kimo cha mkono, ulikuwa umejaa michoro ya jiwe jeupe la Tabaka, lile la kuchongea vinyago, ambalo mafundi hulitumia kutia alama kwenye chuma. Miezi minane alikuwa akipanga hapo. Alichora, akafuta kwa kiganja, akachora tena. "Hii ni injini. Gari hili ni la zamani, kaburu wa Sotik alilitumia mpaka likachoka. Nguvu yake ni kidogo. Sasa hii hapa ni tabo. Nimeinunua kwa mwenye lori la dizeli lililopinduka. Moshi ukitoka, badala ya kupotea bure, unazungusha gurudumu dogo humu ndani, na hilo gurudumu linasukuma hewa irudi kwenye injini. Injini inapumua kama watu wawili."

"Umenieleza mara mia."

"Gasketi ya kuziba kichwa cha injini nimeweka nene ili injini isipasuke. Bomba nimechomelea mwenyewe. Hakuna mtu mwingine Kisii nzima aliyefanya hivi. Walter anataka gari la kushindana, na amesema likimpandisha kilima chetu kwa gia ya tatu bila kuguna, analichukua papo hapo. Pesa yake itanunua ng'ombe kumi. Sita tunawarudishia, wanne wanabaki hapa."

Walter alikuwa mfanyabiashara wa mjini, mwenye maduka mawili na tumbo la mtu mwenye maduka mawili. Kemuma hakumpenda. Lakini alimtazama mumewe akizungumza, macho yakimetameta kama ya mvulana aliyeumba ng'ombe wa udongo, akaona kwamba hana mlango mwingine wa kubisha.

"Na likiguna?"

"Haliguni. Wiki iliyopita limepanda. Hukusikia mluzi wake?"

Alikuwa ameusikia. Kijiji kizima kilikuwa kimeusikia, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo la pili.

Mwenye gereji alimpa Ombati nafasi moja tu katika wiki: Ijumaa mchana. Alijua Waadventista huenda nyumbani mapema kujitayarisha kwa Sabato, naye hakutaka maneno na watu wa kanisa. Basi Ombati, badala ya kwenda kuoga na kupaka viatu rangi, aliutumia mchana huo kulijaribu gari kilimani mpaka jua likaribie kuzama. Wiki mbili mfululizo alifika nyumbani jua likiwa linagusa ukingo wa kilima cha Manga, huku waumini wamekwisha kukusanyika sebuleni kwake kufungua Sabato kwa wimbo. Mara ya kwanza injini ilinguruma katikati ya sala. Mzee Nehemiah, mzee wa kanisa, alikatiza maombi yake akangoja, uso umeelekea dirishani, na wanawake wakamtazama Kemuma. Baadaye alimwita kando akamwambia kwa upole, ule upole unaouma kuliko tusi, kwamba nyumba isiyoweza kunyamaza kwa ajili ya Mungu huenda isifae kukusanyikiwa. Usiku ule Kemuma alilia. Ijumaa iliyofuata Ombati alilizima gari barabarani, mbali na nyumba, akalisukuma mpaka zizini kwa bega lake.

"Si vizuri kulizima ghafla vile," alinung'unika siku hiyo, akijipangusa jasho.

"Kwa nini?" Kemuma aliuliza.

"Ah, mambo ya injini," alijibu, akaingia ndani kuimba.

Miezi minane ya kuchora ukutani, na jambo moja lililomhusu mkewe hakulieleza.

*

Alhamisi alikuja Abner, mshenga aliyesimamia ile ndoa tangu siku ya kwanza. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu na macho ambayo hayakuacha kitu. Alikaribishwa uji, akanywa kikombe kizima bila kutaja lililomleta, ndipo akafuta mdomo.

"Watu wa Kenyenya wamenituma. Wanasema mke wao yuko hapa."

"Yuko hapa," Ombati alisema. "Na sikio lake liko hapa pia. Ungependa kuliona?"

"Nimesikia habari yake. Mimi sikumpiga, Ombati. Mimi ni mtu wa kutumwa." Abner akainamisha kichwa kidogo. "Wanasema hivi: Jumatatu watakuja. Wakute mke amefunga virago, au wakute ng'ombe sita wamefungwa kamba. Moja kati ya hayo mawili."

"Watakuta ng'ombe," Nyamoita alisema kutoka mlango wa jikoni.

Ombati akatazama miguu yake. Abner akageuka polepole kuelekea zizi, ambalo lilionekana vizuri kutoka pale alipokaa.

"Nami ningefurahi kuwaona," alisema. "Yule mwekundu mwenye nyota usoni amezaa?"

"Tumewapeleka kwa jamaa," Kemuma alijibu haraka. "Upande wa Sotik. Huku nyasi zimekwisha."

Mvua ilikuwa imenyesha vizuri msimu ule na nyasi zilifika magotini. Abner alizitazama. Alisimama, akachukua bakora yake, akatembea mpaka zizini, akainama na kutazama doa jeusi la mafuta juu ya samadi. Akaligusa kwa ncha ya bakora, akainusa.

"Hawa wa kwenu wanakunya vibaya siku hizi," alisema, akaaga.

Nyamoita hakuwa mjinga. Alingoja mpaka kofia ya mshenga ipotee nyuma ya migomba, ndipo akamsogelea babake.

"Tata, mimi ndiye hilo gari?"

"Jumapili," Ombati alisema. "Nipe mpaka Jumapili tu, mama yangu. Ukinidai Jumapili jioni, nikose la kukupa, unitemee mate."

Nyamoita hakumtemea mate. Alichukua kitambaa chenye maji ya chumvi akaenda kujisafisha sikio nyuma ya nyumba, mbele ya ule ukuta uliojaa michoro.

*

Ijumaa Ombati alilipandisha gari kilimani mara tatu mfululizo, kwa nguvu zote, kwa kuwa hakungekuwa na jaribio jingine. Kemuma aliusikia mluzi wa tabo ukipanda na kushuka nyuma ya mashamba ya chai, mwembamba, kama wa mchungaji aitaye mbwa. Kwa mara ya kwanza ule mluzi ulimpa raha. Alijikuta akifagia uwanja kwa haraka, akiwaza ng'ombe wanne watakaobaki, akiwaza Nyamoita akiamka asubuhi bila kumwogopa mtu.

Gari lilifika jua likiwa limebakisha upana wa kidole kuzama. Mara hii Ombati hakulizima barabarani. Aliliingiza mpaka zizini, akatoka, akaliacha likinguruma polepole. Bomba la moshi lilikuwa limeiva kama kaa la moto.

"Limepanda," alisema, meno yote nje. "Mama Nyamoita, limepanda hata mimi nikaogopa. Ngoja nioge, nakuja." Akachukua sabuni akakimbilia mtoni.

Hakusema zaidi. Labda furaha ilimsahaulisha. Labda alidhani hakuna mtu mwingine wa boma lile angethubutu kuligusa gari.

Waumini walikuwa njiani. Kemuma aliwaona wakishuka kijia mmoja nyuma ya mwingine, wanawake na vitambaa vyeupe, Mzee Nehemiah mbele akiwa na Biblia kwapani. Injini ilikuwa ikinguruma. Akatazama mtoni: Ombati haonekani. Akatazama Manga: jua lilikuwa limekatwa nusu. Mzee Nehemiah alifika kwenye mlango wa boma, akasimama, wala hakuingia. Alitazama zizi, akamtazama Kemuma, akatoa saa yake mfukoni akaiangalia, na wale wanawake nyuma yake wakasimama pia, wakingoja kuona nyumba hii ni ya nani.

Kemuma alihisi uso wote ukimwaka. Alitupa ufagio, akaingia zizini, akainama dirishani. Alikuwa amemwona mumewe akifanya hivyo mara nyingi. Akashika ufunguo, akauzungusha.

Gari lilinyamaza. Ndani ya chuma kulisikika mlio mdogo, wa kitu kinachoendelea kuzunguka peke yake, kisha nao ukafa.

"Mungu akubariki, dada," Mzee Nehemiah alisema, akaingia.

Ombati alirudi akiwa amefunga taulo, akalikuta gari kimya. Alisimama. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakitoa upesi kwa joto. Kemuma alimwona kutoka mlangoni, akaona midomo yake ikifunguka, kisha ikafungwa, kwa kuwa wimbo ulikuwa umekwisha kuanza na jua lilikuwa limezama.

*

Jumapili Walter alifika katika gari lake jingine, na mkewe, na rafiki wawili wa mjini waliovaa miwani ya jua. Habari ilikuwa imeenea. Watu walijipanga juu ya kilima kana kwamba kuna harusi, na Kemuma na Nyamoita walisimama miongoni mwao, pale njia inapokunja kuelekea Nyamira.

"Huyu mama ndiye aliyeolewa na injini?" mmoja wa wale marafiki aliuliza, na wenzake wakacheka. Kemuma alijifanya hakusikia. Alikuwa amejizoeza.

Chini, gari jekundu liliondoka, Walter kwenye usukani, Ombati kando yake, magoti yamegusa kidevu. Lilishika kilima. Mluzi ukaanza, ukapanda, ukawa mwembamba zaidi, na gari likaja kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwenye mwinuko ule. Watu wakashangilia. Nyamoita, ambaye hakuwa ametabasamu tangu Jumatano, alimshika mamake mkono.

"Nasikia, mama," alisema. "Hata kwa hili moja nasikia."

Kisha mluzi ukageuka. Ukawa kilio, chuma kwa chuma, kama kisu kikinolewa vibaya. Moshi wa buluu ukatoka nyuma, mwingi, ukafunika njia yote. Gari likaguna, likapunguza mwendo, likajivuta hatua chache na kusimama katikati ya kilima. Kutoka katika ule moshi akatoka Walter akikohoa, akijipangusa suti kwa leso.

"Hii kitu yako, Ombati, ni ya kuua mtu," alisema, akapandisha sauti ili walio juu wamsikie. "Umeona mimi ni mtu ya kuchezea? Watu wangu wamefunga safari kutoka town kuja kuona moshi."

"Mzee Walter, ni tabo tu. Injini ni nzima. Nipe mwezi mmoja."

"Mwezi? Mimi sitaki hata bure."

"Nunua basi hivyo lilivyo. Toa unachotaka. Toa hata ng'ombe sita."

Walter alicheka, si kwa ubaya, bali kama mtu anayeambiwa jambo la kushangaza. "Nitoe ng'ombe wapi? Mimi nauza sukari."

Akapanda gari lake. Wale wa miwani walipita wakimpungia mkono Kemuma.

*

Ombati aliifungua tabo jioni hiyohiyo, akiwa amechuchumaa zizini. Hakumwita mkewe, lakini mkewe alikuja. Alimwonyesha kitu kilichotosha kwenye kiganja: mhimili mdogo, mwembamba kuliko kidole chake, umeganda weusi mgumu kama ukoko wa chungu.

"Hii ni oili iliyoungua," alisema. "Hiki kitu kinazunguka kwa kasi isiyosemeka, na kinapozwa na oili. Gari likitoka kilimani ni sharti uliache lingurume kidogo mpaka lipoe. Ukilizima likiwa moto, oili inasimama, inapikika hapohapo."

"Na ukilizima mara moja tu?"

"Hata mimi nilikwisha kulizima mara moja barabarani." Aligeuza kile chuma. "Labda lingevumilia."

"Ni mimi niliyelizima Ijumaa."

"Najua."

"Kwa nini hukuniambia? Kwa nini siku ile nilipokuuliza hukuniambia?"

Ombati alifikiri. Alikuwa mtu mkweli.

"Sikudhani linakuhusu," alisema.

Kemuma alitaka kumpiga. Alitaka kujipiga. Alikaa chini kwenye samadi kando yake, na baada ya muda Nyamoita akaja akasimama mlangoni mwa zizi. Alikitazama kile chuma mkononi mwa babake, akamtazama mamake, akageuka kwenda ndani. Walimsikia akikunja nguo mbili tatu alizoazima.

*

Jumatatu asubuhi Abner alikuja na Cleophas. Abner aliingia bomani. Cleophas alibaki nje kando ya njia, ameupa mgongo mlango, kichwa chini, kwa kuwa mkwe mwenye adabu hatazamani na mama wa mkewe. Hata Kemuma alipopita kwenda kuchota maji alijibanza kwenye ua na kujifunika uso kwa kofia. Adabu yake ilikuwa kamili, hakuna mzee ambaye angeitia dosari, na mkono ulioshika ile kofia ndio uliotoboa sikio la Nyamoita.

"Ng'ombe wako Sotik bado?" Abner aliuliza.

"Bado," Ombati alisema.

"Basi sitawasumbua." Hakukuwa na kejeli mara hii. Alionekana mzee na mchovu. "Mlete mtoto, Ombati. Nitaongea na kijana njiani. Nitamwambia maneno makali."

Nyamoita alitoka mwenyewe. Leso ilikuwa imerudi shavuni. Kemuma alimtia mkononi kifurushi cha ndizi za kuiva na chupa ya dawa ya sikio aliyonunua mjini, akamsogelea upande wa kulia ili asikike.

"Nitakuja Kenyenya. Nitakuja kila mwezi."

"Usije, mama. Akikuona atakimbia kwa heshima, halafu jioni itakuwa juu yangu." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. "Ile siku, watu wa kanisa walifurahi?"

"Ijumaa?"

"Nilikuwa jikoni. Nilikuona ukienda." Akarekebisha leso. "Ningekuwa wewe ningefanya vilevile. Hilo ndilo linalonisumbua."

Akaondoka nyuma ya mumewe, hatua kumi nyuma. Kemuma aliita jina lake mara moja, lakini upande uliomwelekea ulikuwa wa kushoto.

*

Ijumaa iliyofuata Ombati alikuja moja kwa moja kutoka gereji, akaoga mapema, akapaka viatu rangi. Ukuta wa nyuma ya nyumba alikuwa ameupiga maji. Michoro ilibaki kama ukungu tu. Gari lilikuwa zizini bado, kuku wawili wamelala kwenye kiti cha dereva.

Waumini walifika jua likiwa bado juu ya Manga. Walikaa, wakangoja. Hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa ndege na mtu akikata kuni mbali. Mzee Nehemiah alifumba macho, akapumua kwa ndani, akayafumbua.

"Ndugu zangu," alisema, "mnaisikia amani ya nyumba hii? Dada Kemuma ametufundisha jambo. Wiki iliyopita alisimama imara kwa ajili ya Sabato, na tazameni jinsi Bwana alivyoinyamazisha nyumba yake." Waumini wakaitikia amina. "Dada, utuanzishie wimbo."

Kemuma alisimama. Nyuso zote zilimgeukia, nyuso zilezile, sasa zimejaa upendo. Ombati alikuwa akitazama viatu vyake vilivyong'aa. Wimbo aliujua tangu utotoni, alimfundisha Nyamoita akiwa amembeba mgongoni. Akafungua kinywa.

Jua lilizama akiwa bado amesimama hivyo, na mwishowe mwanamke mwingine akauanzisha.